Kumtembeza kasa kwenye ramani kwa JavaScript

Wengi wakipata data ya mnyama aliyefungwa kifaa cha setilaiti wanachora laini moja nyekundu alafu basi. Ile laini haikuonyeshi wapi alitulia akila nyasi za baharini na wapi alipita mbio, kwa hivyo tumtembeze, na laptopu yoyote inatosha hata ile inayounguruma kama feni kwa joto letu hili la Mombasa.

Data kwanza. Ingia Movebank, hifadhi ya data za wanyama waliofungwa vifaa, ni bure, wanaoihifadhi ni taasisi ya Max Planck kule Ujerumani, tafuta kasa au ndovu lakini soma leseni manake si kila mwenye data ameiachia watu wote. Faili ya CSV ina safu kibao, wewe shughulika na timestamp, location-long, location-lat na individual-local-identifier. Data za Argos (mfumo wa setilaiti unaokadiria mnyama yuko wapi) zina argos:lc pia, ndo alama ya usahihi: 3 imekosea chini ya mita 250, 2 mpaka 500, 1 mpaka 1500, Z tupa. Kasa ishara yake inatoka akija juu kupumua tu, so alama A na B, zisizo na makadirio ya kosa, zitakuwa tele na ukizitupa zote utabaki na data kiduchu. Mimi naziacha, naondoa tu zile zinazomtaka aogelee kilomita 40 kwa saa au zinazomweka sokoni Kongowea.

Timestamp iko kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko masaa 3 mbele. Brauza ikiona "2024-03-10 21:00:00" inadhani ni saa ya hapa, kwa hivyo weka T katikati badala ya nafasi na Z mwishoni (ndo ishara ya UTC) kabla ya Date.parse. Hiyo kwetu ni saa sita usiku, tarehe ishageuka. Panga nukta zote kwa wakati.

Ramani tumia Leaflet (maktaba ya JavaScript ya ramani) na picha za ramani ya bure ya OpenStreetMap, jina lao pale pembeni usilifute. Leaflet inataka latitudo mbele, GeoJSON (muundo wa faili za ramani) inataka longitudo mbele, na Mombasa ni -4.05, 39.67, ukizigeuza kasa wako anaibukia Uhispania huko karibu na Toledo, nchi kavu kabisa!

Sasa penyewe. Mafunzo mengi yanakwambia utumie setInterval, kila mpigo nukta moja. Usifanye hivo, yani dakika 20 na siku tatu zinaonekana sawa, huo ni uongo. Weka saa moja inayotawala kila kitu, tuseme sekunde 1 ya skrini ni masaa 12, mwezi unaisha kwa dakika moja hivi. Kila fremu ya requestAnimationFrame (brauza inakuita kila ikichora skrini upya) sogeza saa, tafuta nukta a iliyopita na b inayofuata, alafu (sasa ni ile saa, t ni wakati wa nukta, kasa ni alama yake kwenye ramani):

let s = (sasa - a.t) / (b.t - a.t);
kasa.setLatLng([a.lat + (b.lat - a.lat) * s, a.lng + (b.lng - a.lng) * s]);

Pengo likizidi masaa 24 usimtelezeshe, mfifishe hapo kwa a mpaka b ifike, la sivyo utamwona akikata juu ya nchi kavu kwenda upande wa pili. Mkia nyuma yake ni polyline (laini ya Leaflet) ya nukta 20 za mwisho, hiyo ni rahisi tu.

Ukifanya ya ndovu wa Tsavo au faru, tumia data ya zamani tu, sehemu walipo sahii usizirushe mtandaoni, majangili nao wana bando.