Kupanga mechi na wachezaji wa nchi za nje: saa, vifupi vya kanda na majina ya utani

Tangazo la mechi likisema “Sat 8 PM EST, NA” (Jumamosi 20:00, saa za mashariki ya Marekani, kanda ya Amerika Kaskazini), mchezaji wa Nairobi ana mambo manne ya kuthibitisha kabla ya kujibu: mji unaokusudiwa, kama mji huo umesogeza saa, saa hiyo ni ngapi huku kwetu, na kama siku bado ni ileile. Timu nyingi huteleza kwenye hilo la nne.

Anza na nanga. Nairobi iko UTC+3 mwaka mzima, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, na Kenya haisogezi saa. Dar es Salaam, Kampala, Addis Ababa na Mogadishu ziko hapo hapo, pamoja na Riyadh, Istanbul na Moscow, kwa hiyo watu wa miji hiyo hawana haja ya hesabu. Johannesburg na Kigali ziko nyuma yetu kwa saa moja, Lagos na Kinshasa kwa saa mbili. Dubai imetutangulia kwa saa moja. Mumbai imetutangulia kwa saa mbili na nusu, na nusu hiyo ndiyo husahaulika: Mhindi anaingia uwanjani dakika thelathini kabla yenu, au mnamkuta ameshachoka kungoja.

Kisha kuna saa yetu ya Kiswahili. Mkikubaliana kwenye kundi kucheza “saa tatu usiku” na mmoja akamwandikia mgeni namba 3, mgeni atakuja 03:00, yaani saa tisa usiku. Kwa mgeni andika mfumo wa saa 24 pekee: 21:00. Kwa wenzako andika zote mbili, “21:00, saa tatu usiku”, ili anayesoma haraka asikosee. Wachezaji wa Ethiopia wana desturi kama yetu ya kuhesabu saa kuanzia asubuhi, kwa hiyo nao waulize wanakusudia saa ipi. Epuka pia 12 AM na 12 PM. 12 AM ni saa sita usiku, lakini watu wengi huichukua kuwa mchana. Andika 23:59 au 00:01 na utata utaisha.

Sasa kusogeza saa, yaani nchi kupeleka saa zake mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi. Nchi nyingi za Ulaya husogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tarehe hizo hazilingani, na hapo ndipo ratiba za kila wiki huvunjika. Kwa mwaka 2026, kuanzia 8 hadi 29 Machi, New York imeshasogea ilhali London bado. Mazoezi yaliyopangwa kwa saa za New York yanaanza saa moja mapema kwenu na kwa Mwingereza pia, na wote mnadhani mwenzenu ndiye amekosea. Weka alama kwenye kalenda wiki hizo za Machi, na ile moja ya mwisho wa Oktoba.

Turudi kwenye lile tangazo. Jumamosi 20:00 New York mwezi Julai ni 00:00 UTC Jumapili, na ukiongeza tatu unapata 03:00 Jumapili hapa Nairobi: saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Mwezi Januari mechi hiyohiyo inaangukia 04:00, saa kumi alfajiri. Kengele ya simu iwekwe siku ya Jumapili. Ukiiweka Jumamosi kwa sababu tangazo limeandika Jumamosi, itakuamsha saa 24 kabla ya mechi, na usiku wenyewe ukifika utakuwa umelala.

Njia ya kumaliza ubishi kwenye Discord, programu ya gumzo la wachezaji, ni muhuri wa saa. Andika <t:1735732800:F>, na kila msomaji ataona saa za kifaa chake: wa Nairobi ataona 1 Januari 2025, 15:00; wa London 12:00; wa New York 07:00. Namba hiyo ni sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC. Herufi F hutoa siku na tarehe kamili, t hutoa saa tu, R huonyesha muda uliobaki. Namba iwe na tarakimu 10. Ukipewa 13 hizo ni milisekunde, futa tatu za mwisho.

Ukiweka boti (programu inayojiendesha) ya kukumbusha mechi, chagua Africa/Nairobi. Usichague Etc/GMT+3, maana kwenye orodha hiyo alama zimegeuzwa: hiyo ni UTC-3, saa za São Paulo. Ukiandika 21:00, boti itawaita watu 03:00 za Nairobi. Angalia vizuri: ni saa ileile anayokuja mgeni aliyeambiwa “3” kwa Kiswahili. Makosa mawili tofauti, tofauti ileile ya saa sita, kwa hiyo kagua mpangilio wa boti kabla ya kumlaumu aliyeandika ujumbe.

Vifupi vya saa visikubaliwe bila mji. CST ni katikati ya Marekani au China. IST ni India, Israel au Ireland. Wamarekani huandika EST hata wakati wa kiangazi ambapo si sahihi, na Waingereza husema GMT mwezi Julai wakiwa wamesogea saa moja. Jibu kwa swali moja tu: mji gani?

Vifupi vya kanda, yaani maeneo ya seva za mchezo, vina tabu hiyohiyo. EUW ni Ulaya Magharibi, EUNE ni ya Kaskazini na Mashariki, OCE ni Australia na majirani zake, LAN ni Amerika ya Kilatini upande wa kaskazini, si mtandao wa waya wa saibani. SA mara nyingi ni Amerika Kusini; Afrika Kusini ni ZA. Mwanga hupita kwenye nyuzi za kebo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Johannesburg na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 29 hivi, na London 68. Ukijiunga na seva ya SA ukapata ping (muda wa data kwenda na kurudi) ya milisekunde 300, fikiria kwamba seva iko São Paulo kabla ya kuzima na kuwasha ruta. Kwenye bendera pia, CH ni Uswisi. China ni CN.

Majina ya utani yana mpaka wake. Aussie (Australia), Kiwi (New Zealand), Naija (Nigeria) na Mzansi (Afrika Kusini) wenyewe hujiita hivyo, kama Watanzania na Bongo. Lakini usifupishe Pakistan kuwa “Paki”, wala Japan kuwa “Jap”. Kwetu vinaonekana vifupi vya kawaida. Kwa wenyewe ni matusi mazito, na vinaweza kukufungisha akaunti. Andika PK na JP. Na ukiona 555 ujue ni Mthai anacheka, kkkk ni Mbrazili, jajaja ni wa Kihispania, www ni Mjapani. Hakuna aliyekutukana, endelea kucheza.

Siku moja kabla ya mechi, tuma uthibitisho wenye mji, siku na muhuri, kisha mwombe kila mmoja ajibu kwa saa anayoiona kwenye simu yake. “Sawa” haitoshi. Anayejibu “22:30” akiwa Mumbai wakati wewe unaona 20:00 yuko sahihi. Anayejibu 22:00 bado hajaihesabu ile nusu.