Websaiti yako iseme unafanya kazi gani

Jamani wenye biashara hapa Lamu, mtu akifungua websaiti yako kitu cha kwanza akione ni unauza nini na uko wapi. Hizi habari za "tunatoa suluhisho bora kwa mahitaji yako" zitoe kabisa, mgeni ameshuka uwanja wa ndege Manda bando linakaribia kuisha anatafuta boti ya kumvusha, atajuaje kama wewe una boti au unauza bima?

Juu kabisa andika hivi: "Tunakodisha majahazi ya matembezi kutoka Shela, nusu siku au siku nzima, chakula kipo." Basi. Chini yake bei, hata ya kuanzia tu, na namba ya WhatsApp inayojibiwa. Kama unaunda majahazi Matondoni sema unaunda majahazi, sio "wadau wa sekta ya bahari", na weka picha ya fundi na mbao zake, sio watu wa suti wanapeana mikono ofisini, hiyo inaniudhi sana kusema kweli.

Ukimaliza mpe simu mtu asiyeijua biashara yako, aangalie kidogo kisha ichukue, muulize hawa wanafanya nini. Akibabaika usimweleze kwa mdomo, andika upya ile sentensi ya juu.