Somo: Kutengeneza vali ya jeli ndani ya mfereji mwembamba

Katika somo hili tutatengeneza vali isiyohitaji umeme wala mota: jeli inayovimba na kuziba mfereji maji yanapokuwa ya alkali, kisha ikanywea na kuufungua yanapokuwa ya asidi. David Beebe na wenzake waliionyesha njia hii nchini Marekani mwaka 2000, nami naiona kuwa mlango bora wa kuingilia fani ya kuongoza vimiminika katika mifereji midogo, kwa sababu jeli yenyewe ndiyo kipimo na ndiyo kifungio.

Kabla ya kushika chupa, lielewe jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Jeli huvimba kadiri maji yanavyopenya kati ya nyuzi zake, na muda huo huongezeka kwa mraba wa unene, kama Toyoichi Tanaka alivyoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1970. Kipande kinachohitaji saa nzima kuvimba, ukikipunguza unene mara 10, kitahitaji sekunde 36 hivi. Kwa hiyo usimimine donge moja nene katikati ya mfereji. Badala yake, simamisha vinguzo, yaani nguzo ndogo, ndani ya mfereji, na ukivalishe kila kinguzo koti jembamba la jeli.

Hatua ya 1. Andaa mfereji wenye upana na kina cha mamia machache ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), uwe na vinguzo vilivyosimama kuvuka njia ya maji. Nafasi kati ya kinguzo na kinguzo izibike makoti yakivimba, lakini ibaki wazi yakinywea.

Hatua ya 2. Changanya asidi ya akriliki na HEMA, kemikali ya jamii ya methakrilati inayounda jeli pamoja nayo, kwa uwiano wa moli 4 kwa 1, ongeza kiungo cha kufunga nyuzi, yaani EGDMA, asilimia 1 ya uzito, na kianzishi kinachoamshwa na mwanga asilimia 3. Asidi hii huunguza ngozi na mvuke wake huumiza macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na ufanyie kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Hatua ya 3. Jaza mfereji, laza juu yake filamu nyeusi yenye matundu ya duara yaliyolingana na vinguzo, kisha umulike kwa urujuanimno. Sekunde 20 au pungufu hutosha kwa taa yenye nguvu. Osha mara moja kwa ethanoli, halafu kwa maji, maana kimiminika kilichobaki nacho kitaganda.

Hatua ya 4. Pitisha bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia kiwango chake cha asidi, ya pH 3 (asidi), kisha ya pH 8 (alkali) iliyotiwa rangi. Chini ya hadubini utaona ukingo wa kila koti ukisogea taratibu, na uzi wa rangi kati ya vinguzo ukizidi kuwa mwembamba hadi ukatike.

Maswali ya wanachama

Swali: Vali yangu inavuja juu ingawa jeli imevimba vizuri. Nifanyeje?

Jibu: Yalinipata hayo hayo kwa wiki kadhaa. Ikiwa paa la mfereji ni la PDMS, yaani mpira laini wa silikoni, oksijeni hupenya humo na kuzuia jeli kuganda karibu na ukuta, ndipo maji yanapopata upenyo. Tumia paa la kioo, ukiwa umelipaka silani, kemikali inayojifunga kwenye kioo, yenye kundi la methakrilati ili jeli ishike.

Swali: Kwa nini inavimba kidogo nikitumia maji ya chumvi?

Jibu: Jeli huvimba kwa sababu asidi yake, ikipoteza haidrojeni, hubaki na chaji hasi zinazovuta ioni na maji ndani. Chumvi nyingi nje hupunguza mvuto huo. Pima kwa kimiminika kile kile utakachotumia kazini.

Swali: Je, naweza kutumia joto badala ya pH?

Jibu: Ndiyo, kwa jeli ya PNIPAAm, polima inayoitikia joto, ambayo hunywea ikipita nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Kumbuka kwamba hiyo hufunguka ikipashwa joto na kufunga ikipoa, na kwamba chumba chenye joto la mchana kinaweza kuifungua bila wewe kutaka.