Kaya yako ikialikwa kwenye utafiti wa maoni: ya kutayarisha kabla ya mhoji kubisha hodi

Mzee wa mtaa akipita kukwambia kwamba nyumba yako imo kwenye orodha ya wanaotafutwa maoni, au ukipata ujumbe wa simu wa kukualika, kwanza fahamu kwamba hii si kura. Redioni husema “kura ya maoni”, na wengi wetu tukisikia hivyo twakumbuka Agosti 2010 tulipopanga foleni kuamua juu ya Katiba. Hapa hakuna sanduku wala mshindi. Kuna mhoji mmoja, dodoso moja, yaani orodha ya maswali, na muda wako, ambao waweza kufika saa nzima.

Linalovuruga zaidi huku kwetu ni neno kaya. Mtu wa Pwani akisikia kaya, akili yake huenda kwenye misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ile ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mtafiti hana maana hiyo. Kaya kwake ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkubwa mmoja. Sasa chukua nyumba ya Kiswahili ya Majengo, hapa Mombasa: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na bomba. Mwenye nyumba yuko chumba cha mbele na mkewe. Cha pili kapanga kijana wa bandarini, cha tatu mama na wanawe wawili, vingine vivyo hivyo, na kila mmoja ana jiko lake. Nyumba ni moja, kaya ni sita. Na kinyume chake kipo: kijana ameoa, anakaa ghorofa ya juu na mkewe, lakini mchana na usiku sinia linatoka jikoni kwa mamake. Hao wote ni kaya moja.

Kwa hivyo usiku wa kuamkia siku hiyo, kaeni mhesabiane. Nani hulala hapa, nani hula hapa, nani ametimiza miaka 18, kila mtu alizaliwa mwaka gani. Kitabu cha kumbukumbu za uzazi kikiwa karibu, mtapunguza kubishana. Baharia aliye safarini au dada aliyekwenda Saudia kikazi, usimfiche wala usimhesabu kwa kukisia. Mtaje, umwambie mhoji aliondoka lini. Kila utafiti una kanuni yake kuhusu watu kama hao.

Baada ya hesabu hiyo, mhoji hamchagui mkubwa wa nyumba, wala msemaji hodari. Mtu mmoja huteuliwa kwa bahati nasibu. Siku hizi mara nyingi ni tableti inayochagua. Tangu 1949 iko pia njia ya jedwali iliyotungwa na mtaalamu wa takwimu Leslie Kish, na tafiti nyingine huuliza nani alikuwa wa mwisho kufikisha siku yake ya kuzaliwa. Tafiti nyingi za maoni hupokezanisha pia: kaya hii mwanamume, inayofuata mwanamke. Hapa ndipo tunapoharibu. Nimekaa barazani siku ambayo bibi wa nyumba aliteuliwa, naye akarudi nyuma akivuta leso yake kichwani: “Mwanangu, muulize huyu kijana wangu, ndiye msomi. Mimi siasa siziwezi.” Kijana, mjukuu wake, akavuta kiti. Yule binti mhoji akabaki amesimama, akasema taratibu, “Samahani bibi, nimetumwa kwako wewe.” Swali la kwanza likawa la maji. Bibi alieleza mkokoteni unapita saa ngapi, mitungi mingapi humtosha kwa siku, na siku bomba lilipotoka maji ya chumvi. Mjukuu wake hakuwa akijua hata nusu ya hayo.

Waambieni mapema wote nyumbani: atakayeteuliwa ndiye atakayejibu, akiwa mke wa mtoto, akiwa mzee asiyesoma, akiwa kijana anayelala hadi saa nne. Akiwa amevuka kwenda Likoni, mpangie mhoji saa ya kurudi, usimweke mwingine mahali pake. Uzito wake ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Chukua utafiti wa nchi nzima wa watu 2,400, kiwango ambacho Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, imekitumia hapa Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, na Mombasa 1,208,333. Ukigawa kwa uwiano, kaunti yetu yote yapata kama watu 60, yaani wastani wa kama kumi kwa kila jimbo la uchaguzi kati ya sita tuliyo nayo. Kumi kwa jimbo zima! Mmoja wao akijibiwa na shemeji yake, sauti iliyopotea si ndogo.

Kuhusu usalama, usione haya kuuliza. Mhoji wa kweli ana kitambulisho cha kazi na barua inayotaja taasisi, pamoja na nambari ya simu ya msimamizi. Utafiti wa kitaaluma huwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kwa kawaida chifu hupewa taarifa kabla. Piga simu hiyo ukiwa mlangoni, mwenyewe atasubiri. Asikuombe nambari ya siri ya M-Pesa wala ada ya kushiriki. Muulize pia kama tableti inarekodi sauti na kama inachukua mahali nyumba ilipo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili gani na kuondoa idhini yako. Kabila, dini na afya ni taarifa nyeti katika sheria hiyo. Ukitaka kuruka swali, ruka. Ukitaka kukoma katikati, koma.

Wakati na mahali vinahitaji busara ya nyumba yako. Usimpe miadi Ijumaa saa saba mchana. Wakati wa Ramadhani, alasiri jikoni hapakaliki, basi afadhali asubuhi. Mahali pazuri ni pale mnapoonekana lakini hamsikiki. Chumbani ndani huzua maneno, hasa mhoji akiwa mwanamume na aliyeteuliwa ni mwanamke peke yake. Waweza kuomba mhoji wa kike, na ombi hilo si la ajabu kwao. Baraza nayo ina wenyewe: muuza kahawa, jirani wa kulia, watoto wa madrasa. Nimesikia mama akiulizwa kama anaridhika na mbunge wake, na kabla hajafungua kinywa jirani akajibu, “Huyo? Hajaonekana!” Mama akacheka, akasema vivyo hivyo. Hatutajua yeye mwenyewe alitaka kusema nini. Wekeni viti viwili mwisho wa baraza, na mtu mmoja wa kuwashughulisha wageni kwa mazungumzo mengine. Mume naye apishe kidogo. Mhoji akiomba faragha, hajakudharau.

Lugha ya dodoso ni Kiswahili sanifu, na mengine yatakupita. Mwambie asome tena. Hatakufafanulia kwa maneno yake, kwa sababu kila anayeulizwa lazima asikie swali lile lile, kwa hivyo usimkasirikie. Ukijibu kwa Kimvita chako atakuelewa. Majibu mengi ni ya ngazi: nakubali kabisa, nakubali, siko upande wowote, sikubali, sikubali kabisa. Usikimbilie la katikati kwa adabu, wala usimtafutie jibu la kumfurahisha kwa kuwa amekunywa chai yako. “Sijui” ni jibu kamili na huandikwa.

Malipo aghalabu hakuna. Ukipewa sabuni au salio la simu, ni shukrani ya muda wako.

Akimaliza, muulize matokeo yatatangazwa wapi, na uandike jina la taasisi na tarehe. Kama utafiti unahusu uchaguzi, sheria ya mwaka 2012 kuhusu kuchapisha tafiti za aina hiyo inamtaka mchapishaji aseme nani aliugharamia na wangapi waliulizwa. Yakitoka, tazama hapo kwanza. Nambari yako ya simu huenda ikachukuliwa pia. Baada ya siku chache mtu mwingine aweza kupiga kuhakikisha kama kweli mhoji alifika, alikaa muda gani, na alizungumza na nani. Simu hiyo apokee yule yule aliyehojiwa.