Saa tatu usiku si saa tatu: ukiitwa shahidi wa kesi ya ubakaji Victoria

Nawaandikia hasa mnaoishi miji ya mashambani ya Victoria, Australia: Shepparton, Mildura na kwingineko tulikofuata kazi za matunda au tulikoletwa kama wakimbizi. Binti wa jirani, alipofanyiwa unyama ule, aligonga mlango wangu kabla ya kwenda popote. Huku mtu aliyeambiwa mwanzo naye anaweza kuitwa shahidi, hata kama hakuona lolote. Nikaandikisha maelezo polisi kwa mkalimani wa simu, nikasaini kila ukurasa.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilisema binti alifika saa tatu usiku. Mkalimani akaitafsiri tatu kama tatu, na kwenye karatasi ikaandikwa 3:00 za usiku, ambayo kwetu ni saa tisa. Mimi sikujua. Zaidi ya mwaka ukapita.

Siku ya kesi wakili wa utetezi aliniwekea karatasi mbele, kidole chake kikiwa juu ya mstari huo. Hii ni saini yako? Ndiyo. Na hapa chini unakiri kwamba ukisema uongo unaweza kushtakiwa? Ndiyo. Basi ulisema kweli siku ile, au unasema leo? Rekodi ya simu ya binti ilionyesha alimpigia mama yake 21:20 akiwa kwangu. Nikaonekana mwongo mbele ya wananchi 12 wanaoamua hatia. Hawa si kama wazee wa baraza tuliowazoea nyumbani, wa kutoa maoni tu. Neno lao ndilo hukumu.

Kwa hiyo taja saa kwa tarakimu: 21:00. Usiseme "saa tatu" peke yake, hata kama mkalimani ni wa kwenu. Kabla ya kusaini, omba usomewe maelezo yote kwa Kiswahili na uisikie saa kwa masikio yako. Kabla ya kupanda kizimbani utapewa maelezo yako uyasome tena. Yasome polepole, saa kwanza. Ukikuta kosa, mwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka siku hiyo hiyo, uandike maelezo ya nyongeza. Karatasi moja tu ingeniokoa.

Na chunga "ndiyo". Ukiulizwa "Hukumwona akiingia, sivyo?" sisi hujibu "ndiyo", maana yetu ni kwamba sikumwona. Kwa Kiingereza jibu hilo linaweza kugeuka kuwa nilimwona. Jibu sentensi nzima: "Sikumwona." Mkalimani ni haki yako hata kama Kiingereza cha dukani unakimudu, na mwambie mapema kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au cha Tanga. Msipoelewana, mwambie jaji papo hapo.

Mengine ni mepesi. Samansi ikija, nenda. Nauli unaweza kudai. Unaapa kwa Msahafu, Biblia, au bila kitabu. Utakaa nje mpaka uitwe. Binti mwenyewe kwa kawaida huzungumza kwa video akiwa chumba kingine, na hilo nawasifu Waaustralia kwa moyo wote. Ila wanaamini karatasi kuliko mtu. Nyumbani hakimu angeniuliza mara moja, "Saa tatu ya Kiswahili?" Huku nilisubiri mpaka mwendesha mashtaka aliporudi kuniuliza. Nikaonyesha saa ya ukutani: kwetu siku huanza na jua, saa moja ni 7:00. Mama mmoja kati ya wale 12 alitazama saa yake ya mkononi, akahesabu kwa kidole mpaka tisa.

Sasa ninyi shangazi na wajomba mnaopiga simu kutoka Kigoma: najua mnataka amani. Lakini "malizeni kifamilia" huku inaweza kuwa kosa la jinai. Kumshawishi shahidi asiseme kunafunga watu, na ujumbe wa sauti uliotumwa WhatsApp ni ushahidi. Jina la binti pia msiliweke kwenye kundi la ukoo. Sheria ya Victoria ya 1958 inakataza kumtangaza mlalamikaji wa kesi hizi. Shangazi yangu alikasirika wiki mbili. Kisha akapiga tena, akauliza tu kama binti anakula vizuri.