Namna ya Kufuatilia Dawa Mpya Inapokaguliwa Marekani

Mzazi anayelea mtoto mwenye selimundu hapa Malindi husikia sifa za dawa mpya kabla haijaidhinishwa popote, na swali lake la kwanza huwa ni itatoka lini. Jibu linaweza kuhesabiwa.

Anza na siku ambayo kampuni iliwasilisha ombi kwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Siku 60 za mwanzo ni za kuamua kama ombi linafaa kukaguliwa. Kwa dawa ambayo kiini chake hakijawahi kuidhinishwa, hufuata miezi 10 ya ukaguzi wa kawaida, au miezi 6 ikiwa imepewa kipaumbele. Tarehe utakayoipata iandike kwa penseli, kwani kampuni ikileta maelezo mapya mazito katikati ya ukaguzi, miezi 3 inaweza kuongezwa. Casgevy, tiba ya selimundu inayorekebisha jeni, ilikubaliwa kukaguliwa Juni 2023, ikajadiliwa hadharani tarehe 31 Oktoba, ikaidhinishwa tarehe 8 Desemba.

Si kila dawa huitishiwa kikao cha hadhara cha washauri. Kikiwapo, nyaraka huwekwa mtandaoni walau siku mbili za kazi kabla yake, nami nasisitiza usome hati ya wakaguzi kabla ya ile ya kampuni, kwa kuwa humo ndimo madhara na mapungufu ya utafiti yanapotajwa bila kupambwa. Kikao cha Oktoba kinachoanza saa tatu asubuhi kule Washington, kwetu ni saa kumi, watu wakiwa wametoka kuswali alasiri. Januari husogea hadi saa kumi na moja. Usiikose saa ya wananchi, ambapo wagonjwa na wazazi huzungumza, nao huombwa waseme kama kampuni imewagharimia.

Kura ya washauri haiifungi FDA. Novemba 2020 washauri hawakuridhishwa na ushahidi wa aducanumab, dawa ya Alzheimer, lakini Juni 2021 ikaidhinishwa.

Idhini ya Marekani, hata hivyo, haifiki Kenya yenyewe: dawa husajiliwa upya na Bodi ya Famasia na Sumu. Kabla ya kumwagiza ndugu aliye safarini akuletee dawa, mwombe mfamasia wako aitafute katika orodha ya Bodi.