Kumlea mtoto mwenye usonji kando ya Ziwa Victoria: mwongozo wa nyumbani

Mwongozo huu ni kwa wazazi na walezi wa Mwanza na vijiji vya kando ya ziwa ambao wamekwishaambiwa na daktari kwamba mtoto wao ana usonji, au wanaoshuku hivyo kwa sababu mtoto hageuki anapoitwa jina, amechelewa kusema au ameyapoteza maneno machache aliyokuwa nayo, hanyooshi kidole kuonyesha anachokitaka, na anaweza kukaa asubuhi nzima akizungusha mfuniko wa sufuria. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo, na kwa kawaida dalili zake huonekana kabla ya mtoto kutimiza miaka 3. Hauletwi na malezi mabaya, kulogwa, wala chanjo. Utafiti wa mwaka 1998 uliodai kuwa chanjo ya surua inahusika ulifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililouchapisha. Hakuna dawa ya kuuondoa, na yeyote anayekuuzia dawa hiyo, awe na duka au na kibuyu, anakula fedha yako. Kinachomsaidia mtoto ni kufundishwa kidogo kidogo kila siku, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hufanyika nyumbani. Rai yangu, kama mzazi ninayelea mtoto wa namna hii hapa Ilemela, ni kwamba mtu aipange nyumba na siku kwanza, ndipo afikirie kumrekebisha mtoto.

Anza na maji

Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, tena bila hofu yoyote, wakifuata kitu kilichowavutia, na kwa wengi wao kitu hicho ni maji yanayometameta. Nchini Marekani, ambako vifo vya namna hii vimefuatiliwa kwa karibu, kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuwaua watoto wenye usonji wanaopotea. Sisi tunaoishi Igogo, Kirumba, Igombe au Kayenze tuna ziwa hatua chache kutoka mlangoni, na mahali pengine magugumaji hufunika maji mpaka ufukwe ukaonekana kama uwanja wa majani mabichi ambao mtoto anaweza kuukanyaga akiamini kuwa ni nchi kavu. Kwa hiyo jambo hili litangulie mengine yote, hata kabla ya kutafuta mtaalamu wa kumfundisha kusema.

Weka komeo sehemu ya juu ya mlango, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kwenye kigoda, lakini liwe komeo ambalo mtu mzima analifungua mara moja kutoka ndani, kwa sababu kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo ni hatari nyumba ikishika moto. Funga kengele ndogo mlangoni. Njuga za kuchezea ngoma zinafaa vizuri sana, nazo husikika hadi jikoni. Mapipa na ndoo za maji ya akiba zifunikwe wakati wote, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo moja, na shimo la choo liwe na mfuniko mzito.

Saa za hatari zaidi ni zile ambazo nyumba ina watu wengi. Kwenye msiba, harusi au siku ya kuhama, kila mtu hudhani kwamba mwenzake ndiye anayemtazama mtoto, kumbe hakuna anayemtazama. Dawa yake ni kukabidhiana kwa maneno yanayosikika. Anayeondoka anasema, “Shangazi, nakukabidhi mtoto,” naye shangazi anajibu, “Nimempokea,” na mpaka jibu hilo litoke, jukumu ni la yule wa kwanza. Wageni wanaweza kuona kwamba ni urasimu usio na maana ndani ya familia, lakini wazoee tu.

Baada ya hapo nenda kwa majirani, usisubiri mtoto apotee ndipo wamfahamu. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwa mama ntilie, kwa wachuuzi wa samaki na kwa viongozi wa mwalo ulio karibu, uwaonyeshe sura yake na uwaeleze mambo matatu: kwamba akiitwa huenda asigeuke, kwamba akikimbizwa kwa kelele atazidi kukimbia, na kwamba atamfuata mtu anayemwonyesha kitu anachokipenda, kiwe biskuti au wimbo fulani kwenye simu. Namba yako ya simu ishonwe ndani ya ukosi wa shati lake, kwa kuwa bangili ataivua. Siku akipotea, mtu wa kwanza akimbilie ziwani, hata kama mnaamini amejificha chini ya kitanda. Wengine ndio wapekue vyumba, waende kutangaza msikitini au kanisani kwa kipaza sauti, na wapige 112 kuwaarifu polisi.

Mfundishe pia kuogelea, ikiwa uwezo upo. Afundishwe kwenye bwawa la kuogelea, kwa sababu ziwa lina kichocho na sehemu nyingine lina mamba na viboko, na aanze kwa kuelea chali kabla ya mbwembwe nyingine zozote. Akishamudu, ajaribu akiwa na nguo zake za kawaida, maana atakayeponyoka nyumbani hatakuwa amevaa nguo za kuogelea. Kama familia husafiri kwa kivuko cha Kamanga au meli ya Ukerewe, azima jaketi okozi mapema umzoeze kulivaa nyumbani, dakika chache kwa siku, ili mbano wake usimshtue siku ya safari.

Siku inayojulikana tangu asubuhi

Mtoto mwenye usonji huhangaika sana asipojua kinachofuata, na maelezo marefu ya mdomo hayamsaidii, kwani maneno hupita na kutoweka. Picha hubaki. Ndiyo maana kifaa chenye manufaa kuliko vyote nyumbani kwangu kimetengenezwa kwa kamba ya kuanikia nguo, vibanio na vipande vya boksi.

Kata vipande vinavyolingana, kila kimoja kikubwa kama kiganja chako. Piga picha vitu vya nyumbani kwako mwenyewe, yaani beseni lake, kikombe chake cha uji, sare yake, daladala ya njia yenu, kisha uzichape stationari, uzibandike kwenye vipande hivyo na kuzifunika kwa selotepu pana, la sivyo zitalowa mate ndani ya wiki. Kikombe kiwe kilekile anachonywea. Picha ya kikombe kingine kilichochorwa vizuri inaweza isimwambie chochote. Tundika kamba usawa wa macho yake, ubanie picha 3 au 4 tu, kuanzia kushoto kwenda kulia, na chini yake weka kopo tupu la maziwa. Kila jambo linapokwisha, mshike mkono, bandueni picha pamoja na kuitumbukiza koponi huku ukisema neno moja: “Tayari.” Mtoto ambaye bado haelewi picha aanze na vitu vyenyewe: kijiko kikimaanisha chakula, ndala zikimaanisha kutoka.

Usimwambie “subiri” bila kumwonyesha anachokisubiri. Tumia picha mbili, ya kwanza ikiwa jambo unalolitaka wewe na ya pili ikiwa analolitaka yeye, halafu sema, “Kwanza viatu, halafu bembea.” Timiza ahadi hiyo hata kama mvua imetishia, kwa sababu kamba ikidanganya mara chache hataitazama tena.

Familia za wavuvi wa dagaa zina tatizo lao ambalo vitabu vya malezi haviligusi. Baba huwa ziwani usiku wa giza, wakati taa zinapovuta dagaa, na mbalamwezi ikikolea anarudi kulala nyumbani. Kwa mtoto huyu, mtu anayetokea na kutoweka bila utaratibu unaoeleweka ni sababu tosha ya kulia usiku kucha. Chukua kalenda ya ukutani, chora mtumbwi kwenye siku za giza na mwezi mviringo kwenye siku ambazo baba atakuwa nyumbani, kisha kila jioni mfute siku moja pamoja. Hata asipoelewa kalenda yote, ataielewa alama ya leo.

Kelele na safari

Masikio ya watoto wengi wenye usonji hupokea sauti kwa ukali kuliko yetu. Mvua ya masika inayopiga bati lisilo na dari, muziki wa baa, konda anayegonga ubavu wa gari, vyote vinaweza kumfanya ajipige kichwa au kung’ata mkono. Hiyo si jeuri, na fimbo haitaitoa. Mwandalie kona moja ya chumba yenye godoro na kanga nzito ya kujifunika, na mvua ikianza kutanda muwahishe huko kabla matone hayajaanguka. Vifunika masikio vya aina wanayovaa mafundi wa kukata chuma humsaidia nje ya nyumba.

Kwa safari ya daladala, panda gari lisilojaa kituo cha mwanzo, hata ikibidi kusubiri zaidi, mkae nyuma ya dereva au dirishani, na safari za awali ziwe za kituo kimoja au viwili. Andaa sentensi moja ya kuwaambia watu, uikariri, kwa sababu ukiwa katikati ya kilio hutapata nafasi ya kutunga nyingine. Mimi husema, “Samahanini wazee wangu, mwanangu ana usonji, kelele zinamuumiza, tunashuka hapo mbele.” Wapo watakaonyamaza na kusogea, na yupo atakayekwambia umemdekeza, huyo usimjibu, mtazame mtoto. Akishalipuka, punguza maneno, mtoe kwenye kelele, zuia kichwa kisigonge kitu kigumu, na ngoja. Somo la adabu wakati huo halisikiki.

Chakula, usingizi na homa

Mtoto anayekula wali mweupe pekee na kukataa dagaa mara nyingi anakataa miiba, harufu au namna chakula kinavyosagika mdomoni. Usimlazimishe, wala usifiche dagaa waliosagwa ndani ya wali wake bila yeye kujua, kwani akigundua anaweza kuukataa na wali wenyewe. Weka kipande kidogo cha sato kisicho na mwiba pembeni ya sahani, asilazimike hata kukigusa, na siku baada ya siku acha akizoee kwa macho, kwa pua, kisha kwa vidole. Akila udongo au mkaa, apimwe damu.

Chandarua nacho huwa ugomvi, na Kanda ya Ziwa hatuwezi kukiacha kwa sababu ya malaria. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku nzima ili harufu ipungue, na kazi ya kukichomeka chini ya godoro mwachie yeye mwenyewe. Watoto wanaopenda mpangilio huifanya kwa makini kuliko watu wazima.

Kuna jambo ambalo wahudumu na wazazi huliruka kwa urahisi. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia kwamba sikio au jino linamuuma, au kwamba ana homa. Akibadilika ghafla, akaanza kujipiga, kukataa chakula anachokipenda au kuacha kulala, usiseme usonji umezidi. Apimwe malaria, atazamwe masikio, meno na tumbo, na uulize kama amepata choo siku hizo. Kifafa pia huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine, hivyo akikodoa macho na kupotewa na fahamu kwa muda, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari. Na akishaandikiwa dawa za kifafa, asizikatishe kwa ushauri wa mganga wala mchungaji.

Hospitali na shule

Anzia kliniki ya mtoto au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Kwa mji wetu ngazi za juu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Beba kadi ya kliniki na video fupi za mtoto akiwa nyumbani, maana mbele ya daktari huenda akakaa kimya kabisa. Omba apimwe usikivu kwanza, kisha uulize kuhusu huduma za utengamao, hasa tiba ya lugha na mawasiliano. Ukiambiwa muache Kisukuma ili mtoto asichanganyikiwe, usikubali: lugha mbili hazimzidishii mtoto mwenye usonji ucheleweshaji, na bibi yake anastahili kuendelea kuzungumza naye kwa lugha anayoimudu.

Kuhusu shule, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto huyu na kumpa haki ya kusoma. Mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri akuelekeze shule yenye kitengo kinachofaa, na ukatembelee darasa kabla ya kuandikisha, uhesabu watoto na walimu, utazame choo na uzio. Mwalimu mpeleke karatasi ya ukurasa mmoja, isizidi hapo, kwa sababu ndefu haitasomwa. Andika anavyoomba maji na choo, kinachomtisha, kinachomtuliza, chakula anachokula, dawa anazotumia, namba mbili za simu zinazopatikana mchana, na mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, kwamba akitoweka shuleni atafutwe kwanza upande wenye maji.